Mchezo wa Mmoja, Shauri la Wawili

Mzazi wa siku hizi hawezi tena kusema kwamba michezo ya kompyuta haimhusu. Imekwisha kuingia majumbani mwetu, na asiyewachagulia watoto wake huwaachia wengine kazi hiyo.

Mwanangu ana miaka 14. Alikaa mwaka mzima kwa bibi yake, akarudi kwetu mkimya, mwenye majibu ya neno moja. Mimi nafanya kazi ya zamu, na Jumapili ndiyo siku pekee tunayoshinda pamoja. Kwa hiyo aliponiomba mchezo wa kupanga vita, nilitambua kwamba tulikuwa tukichagua pia namna ya kuitumia siku hiyo.

Fedha ilitosha mchezo mmoja, na mbele yetu ilikuwapo miwili, yote kazi ya watu wachache wasiokuwa chini ya makampuni makubwa. Wa kwanza ni The Battle of Polytopia, uliotolewa mwaka 2016 na Midjiwan ya Uswidi. Katika simu huanza bila malipo ukiwa na makabila manne. Mengine hununuliwa moja moja. Mchezaji hujenga miji, hupata maarifa mapya na kupigana na jirani. Wa pili ni Into the Breach wa mwaka 2018, uliobuniwa na Justin Ma na Matthew Davis. Huo hununuliwa mara moja, na huchezwa na mtu mmoja.

Kwa haraka mtu angesema kwamba Polytopia ndio mchezo wa baba na mwana, maana wawili waweza kupokezana simu moja. Lakini nchi yake imefunikwa na mawingu, na kila mmoja huona sehemu aliyoifikia yeye tu. Hapana budi mmoja ageuze uso wakati mwenzake anapocheza. Hivyo wawili hao hukaa jamvi moja, kila mmoja na siri yake. Ukimya tulikuwa nao wa kutosha.

Into the Breach una ubao wa miraba 64, idadi ileile ya kete za bao letu, na kama katika bao, karibu kila kitu ki wazi. Wadudu wakubwa huonyesha kwanza watakapopiga. Ndipo mchezaji huzisogeza mashine zake tatu. Mara nyingi dawa si kuua, bali kumsukuma adui mraba mmoja ili pigo lake limwangukie mwenzake. Nyumba za raia zikipigwa, nguvu ya umeme hupungua, na ikiisha umeshindwa. Hakuna saa inayokukimbiza.

Mchezo wa namna hiyo huwapa watazamaji nafasi ya kutoa shauri, kama barazani. Tukauchukua. Mwanangu hushika kompyuta, mimi huuliza, "Na huyu wa pembeni je?" Naye hunieleza kwa nini nimekosea, tena kwa maneno mengi. Jumapili moja, katikati ya maelezo hayo, alinitajia habari za kule kwa bibi ambazo sikuwa nimezisikia.

Nawashauri wazazi wenzangu: msitazame tu mchezo unaruhusu wachezaji wangapi. Tazameni kama aliyeketi kando anaweza kuona, kufikiri na kusema.