Karatasi ya Wapiga Kelele

Kwa miaka mingi nililiongoza darasa la nne kwa kipande cha karatasi. Nikitoka, namwachia kiranja: andika wanaopiga kelele. Nikirudi nakuta majina mezani, mengine yamewekewa alama, x2, x4, na waliozidi kabisa x10. Sikuuliza kitu. Walioandikwa walipita mbele, wakanyoosha mikono, nikachapa.

Utetezi ninao. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, shule za msingi za serikali zilifurika, na wangu wengine walikaa sakafuni. Lakini kanuni za viboko zinampa ruhusa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, tena kwa makosa mazito, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Kibali sikuwa nacho. Kitabu changu kilikuwa ile karatasi, na karani wake mtoto wa miaka kumi.

Karani huyo nilimfuma wakati wa mapumziko, nyuma ya madarasa, akikusanya: karanga, nusu andazi, shilingi hamsini. "Usipompa anakuandika, mwalimu," mwenzake akaniambia bila kificho, kama anayenitajia nauli ya daladala. Nikazipekua karatasi za nyuma zilizokuwa bado kwenye droo. Jina la msichana mmoja lilikuwa juu karibu kila mara. Ana kigugumizi, ukitaka kumsikia lazima umsogelee. Huyo ndiye mpiga kelele wangu mkuu! Kosa lake ni kuja shule bila hela ya kula.

Nikamvua kiranja cheo mbele ya darasa zima, nikamchapa kwa kula rushwa. Aibu yangu kubwa iko hapo. Chuoni tulifundishwa jaribio la Albert Bandura la mwaka 1961, kule Stanford: watoto wadogo walimtazama mtu mzima akimpiga mdoli wa kujazwa upepo, na walipoachiwa mdoli wakampiga vilevile, wengine hata kwa maneno yaleyale. Swali la jaribio hilo nililijibu vizuri kwenye mtihani. Kiranja wangu naye alikuwa amenitazama kila siku nikiadhibu bila kusikiliza, akajua kwamba mwenye karatasi haulizwi. Kisha nikamwadhibu bila kumsikiliza.

Nilikuja kumwomba radhi. Akaitikia "sawa, mwalimu," akaondoka haraka, nadhani akihofia mtego. Msichana alikuwa ameshahama.

Karatasi nimeiacha. Nikitoka wanabaki na kazi ya vikundi, aliyeelewa anamwelekeza mwenzake, na kelele zipo. Mwalimu wa darasa la jirani hachoki kunilalamikia. Sheria tulizitunga pamoja. Ya kwanza waliyoitaka ni kwamba mwalimu asiende kunywa chai kipindi kikiendelea. Niliiandika ubaoni. Naivunja mara mojamoja, nao hawanyamazi.