Subira Isiyolala



Mpwa wangu hucheza Football Manager, mchezo wa kompyuta ambamo mtu ni kocha: hupanga, huagiza, kisha hutazama. Juma hili aliunda mbinu ya kumiliki mpira: mfumo wa 4-3-3, pasi fupi, mwendo wa taratibu, kipa aanzie kwa mabeki. Timu yake ikamiliki zaidi ya asilimia 60, lakini magoli yakawa haba. Akataka kuifuta yote.

Tukaitazama pamoja. Kila mchezaji aliufuata mpira ili apewe miguuni; hakuna aliyekimbia nyuma ya mabeki wa wapinzani.

Ndivyo ilivyoipata Hispania katika Kombe la Dunia la 2018. Ilipiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya Urusi, ikaambulia sare ya 1-1, ikatolewa kwa penalti. Barcelona ya Guardiola nayo ilipenda pasi fupi. Lakini Pedro na David Villa walikimbilia nafasi bila kuchoka, na mpira ulipopotea wote waliusaka papo hapo. Wote wawili walifunga katika fainali ya Ulaya ya 2011.

Mpwa wangu akaongeza mwendo kidogo, akamwagiza winga mmoja akimbie nyuma ya mabeki. Umiliki ulipungua, magoli yakaja.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Hekima ni kuyashika yote mawili. Mwenye mpira asubiri, ila asiye nao asisimame, kwa maana yeye ndiye anayeipa pasi mahali pa kwenda.

Nawatakia juma jema.