Nilianza Upya Mara Tatu

Mwezi huu nawaandikia habari zangu mwenyewe, maana watoto wenu wananiita mwalimu, na ni haki yenu kujua mwalimu huyo ametoka wapi.

Nilipomaliza Form 4, mama yangu alipokea likelemba yake, akanipa yote. Akasema, "Uende Lilongwe, ulete kaunjika, tuuze hapa sokoni." Mimi nikaenda kubeti mpira. Nikapoteza nusu, na nusu nyingine nikaipoteza nikitafuta ile ya kwanza. Nyumbani nikasema wezi wameniibia kwenye minibasi. Mama akalia, halafu akanipikia. Huko kunipikia ndiko kuliniuma zaidi.

Nikasema, sasa naanza upya. Mjomba akanipa mtaji mdogo wa kuuza vocha za simu. Baada ya miezi miwili mtaji ukaenda njia ileile. Nikasema tena, shida ni kambi hii: marafiki wabaya na kukaa bure. Nikiwa mahali ambapo hakuna anayenijua, nitakuwa mtu mwingine.

Basi nikaenda Area 47, pale Lilongwe, kwa baba mmoja wa kwetu aliyekuwa na duka. Nilifagia, nilipanga sukari na sabuni, usiku nililala mle mle dukani. Nilijipa hata jina jingine. Miezi minne nilikuwa mtu mzuri kabisa. Kumbe yule mtu wa zamani nilipanda naye minibasi! Nikaanza kuchukua kidogo kidogo kwenye droo na kuandika pungufu kwenye daftari. Baba yule alipogundua hakuniitia polisi. Alipiga hesabu, akaandika jumla kwenye karatasi: kwacha 86,000. Akanipa karatasi ile, akasema, "Enda."

Njiani nikaichana. Nikarudi kambini, nikaanza upya mara ya tatu: nikajitolea kufundisha watoto wadogo.

Mwezi wa Machi 2023 serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka. Mwezi wa Mei polisi wakaanza kuwakamata, na maduka yakafungwa. Mnakumbuka jinsi familia zilivyofika hapa bila kitu, na kambi iliyopangwa kwa watu kama 10,000 hadi 12,000 ilikuwa tayari na zaidi ya 50,000. Siku moja kwenye foleni ya maji nikamwona baba yule wa Area 47, ameshika dumu.

Nilitaka kukimbia. Lakini nikimbilie wapi tena? Nikamsogelea, nikaomba msamaha. Akanitazama muda, akasema, "Musamaha nimesikia. Ile elfu makumi nane na sita iko wapi?"

Toka siku ile namlipa kila nipatapo posho ya kujitolea. Mara elfu mbili, mara hakuna kitu. Yeye anaandika tarehe, mimi natia sahihi. Mama naye nilimwambia ukweli juu ya wezi wa minibasi. Akajibu, "Nilijua toka siku ile." Hakuongeza neno.

Darasani mtoto akikosea hesabu, mara nyingi anataka kuchana karatasi nzima aanze nyingine. Namwambia, usichane, tutafute kwanza ni mstari gani umekosea. Mimi nilichana karatasi tatu kabla ya kujifunza ninachofundisha.

Kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, mahali hapa palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa Kamuzu Banda. Katika Kichewa kuleka ni kuacha, kama vile kureka kwa Warundi na Wanyarwanda. Dzaleka ni kusema mtu ataacha. Gereza lilitaka mtu aache kwa kufungiwa. Mimi nilitaka kuacha kwa kuhama. Nimeacha hapa hapa, pole pole, mbele ya watu wanaonidai.

Mwaka jana jina la binti wa baba yule lilikuja kwenye rejista yangu. Niliona haya, nikamwuliza kama hana wasiwasi. Akacheka kidogo: "Mutoto nakuachia. Feza, bado."

Wazazi, kijana wako akirudi na kusema naanza upya, mpokee, mpikie. Lakini mwulize pia: ya zamani utalipa lini? Mimi hakuna aliyeniuliza hivyo mpaka siku ya dumu la maji.

Imebaki kwacha 31,000. Mniombee, na Mungu awabariki.