Paka, Panya na Picha ya Liemba

Ndugu msomaji, kama una chumba kimoja, paka mmoja na siku tisa tu kabla ya maonyesho, masaibu yangu utayaelewa.

Nyumbani Ujiji huchonga picha katika ubao, nikazipiga chapa. Kazi hii niliipenda nilipoziona chapa za Robino Ntila wa Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972. Safari hii nilichonga meli ya Liemba, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa mwaka uliofuata, na kuibuliwa mwaka 1924. Chapa hugeuza kila kitu. Hivyo jina la meli sharti lichongwe kinyume, kuanzia kulia.

Usiku mmoja paka alikanyaga wino, akapita juu ya chapa 6 zilizokuwa zikikauka. Kwa hasira nilimtoa nje, nikafunga mlango. Mwanangu alilia, sikumjali. Kulipokucha, panya walikuwa wametafuna karatasi 11 safi.

Nilitoka kumtafuta paka. Nilimkuta ufukoni, penye dagaa walioanikwa, mwanangu amekwisha kumpakata. Sikuwa na la kusema ila kumwomba mtoto radhi.

Siku ya maonyesho nilitundika pia chapa moja yenye nyayo zile. Watu walidhani ni mawimbi. Mteja aliitaka, mwanangu akakataa isiuzwe.

Je, msomaji, nyumbani mwako ni nani unayemwona kero, kumbe ndiye mlinzi? Mfikirie kabla hujafunga mlango.