Kila Umri na Swali Lake

Mama alipotangulia mbele ya haki, tulimhamisha baba yetu kutoka Kondoa, tukamleta kuishi nasi hapa Dodoma. Tuliona haifai mzee wa miaka 76 kubaki peke yake. Tulimpa chumba kizuri, dawa zake za presha hazikukosekana, na msikiti uko karibu. Tulidhani tumetimiza haki ya mzazi.

Baada ya miezi mitatu akanyamaza. Alikula kidogo, na kila tulipomuuliza alijibu neno moja: "Nirudisheni." Wakati huohuo kijana wetu, aliyekwisha kumaliza kidato cha nne, akawa hatuelewi wala hatumwelewi. Mzee tulimnung'unikia moyoni. Kijana tulimkemea waziwazi.

Tulimwendea ustadhi mmoja aliyesomea ushauri nasaha. Alitueleza habari za Erik Erikson, mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1950 aliyagawa maisha ya mwanadamu katika hatua nane, kila moja na mvutano wake. Mtoto mchanga hujifunza kuamini au kutoamini. Kijana hutafuta kujua yeye ni nani. Mtu wa makamo hujiuliza anawaachia nini wanaomfuata. Mzee huyatazama maisha yake yote, akayaridhia au akayajutia. Akatukumbusha kuwa Qur'ani Tukufu, katika Surat Ar-Rum aya ya 54, inataja safari hiyo: udhaifu, kisha nguvu, kisha udhaifu na mvi.

"Kabla ya kumpa mtu nasaha," alisema, "jueni kwanza yuko wapi katika safari yake. Na nyinyi mna miaka mingapi?"

Tulijibu: arobaini na ushei. Tukainamisha vichwa. Miaka yetu ilikuwa imekwenda kwenye kiwanja na matofali. Kijana hatukuwa tumemkabidhi lolote la kumweleza ametoka wapi. Na mzee hakukosa dawa. Alikosa shamba lake la alizeti, kaburi la mkewe, na watu wanaomjua tangu ujana wake.

Mvua zilipokaribia, tuliwapeleka wote wawili Kondoa. Kijana alikwenda shingo upande. Babu yake alimwonyesha mipaka ya shamba na kisima alichokichimba na wenzake. Hakugeuka malaika, simu haimtoki mkononi. Lakini usiku mmoja alitupigia kuuliza jina la baba wa babu yake linaandikwaje, kwani anaorodhesha ukoo.

Mzee amebaki huko, karibu na shangazi. Simu ikilia usiku bado tunashtuka. Ila sasa anakula, na anapozungumza hasemi tena neno moja.

Ndugu msomaji, kabla hujamkemea aliye chini yako au kumchoka aliye juu yako, muulize umri wake unamdai nini. Kisha ujiulize na wewe. Mwenyezi Mungu atuwafikishe.