Machela ya Nyanya

Kama hukuwahi kulala Kasigau miaka ile ya sabini, acha nikueleze giza lilivyokuwa. Mlima nyuma, nyika mbele, Tsavo Mashariki upande huu, Tsavo Magharibi upande ule, na sisi katikati pamoja na ndovu wao. Mtu akizidiwa mchana, alishukuru. Akizidiwa usiku, aliwategemea majirani.

Machela yetu ilikaa darini, jikoni kwa nyanya: miti miwili, blanketi la kijivu na kamba ya mkonge, vyote vikinuka moshi. Mjomba alithubutu siku moja kuchukua ile miti ajengee banda la mbuzi. Alisemwa mpaka akairudisha mwenyewe. Kando ya machela palining'inia kandili iliyojazwa mafuta, na mafuta hayo hayakuguswa hata tukila gizani. Mama naye alikuwa na pesa zake kwenye pindo la leso, fundo limekazwa kwa meno. Tulijua ni za nini, tukazitamani kwa macho tu.

Mwito ukija, vijana wanne walibeba, wengine wakafuata kupokezana, na mmoja akatangulia akipiga debe ndovu wapishe njia. Kazi ya debe iligombaniwa sana, mpaka tawi lilie porini. Hapo ghafla kila mtu alitaka kubeba mgonjwa! Tulielekea Maungu, kwenye barabara kuu ya Mombasa, tukasimamishe lori la kutufikisha Voi. Madereva walikuwa na utu, ingawa mgonjwa wa lori la saruji alishuka mweupe kama mzuka.

Tulichokiogopa zaidi ni kifutu, yule nyoka mnene, mvivu, asiyejisumbua kukupisha. Kwa huyo tulikuwa na wembe wa kuchanja, kamba ya kukaza, na jiwe jeusi ambalo mzee mmoja alilitunza ndani ya kopo la tumbaku. Lilibandikwa kwenye jeraha, na mtu akipona sifa zote zikawa za jiwe. Kumbe nyoka huweza kuuma asitie sumu. Wauguzi wa leo wanakataza wembe na kamba: mguu utulizwe kwa ubao, mgonjwa abebwe, awahishwe hospitali yenye dawa ya sumu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Sisi wa Kasigau hatukuwahi kusahau.

Habari za madaktari wa ndege wa AMREF, walioanza 1957, tulizisikia pia. Ndiyo maana watoto tulipungia mikono kila ndege iliyopita, tusije tukaonekana hatuna adabu.

Sasa Rukanga kuna kituo cha afya, Voi kuna hospitali ya rufaa, na boda boda wamejaa. Watu wanapona maradhi yaliyowazika wenzetu. Nani atamani machela? Ila juzi nilimuuliza kijana mmoja huko nyumbani, usiku mkizidiwa mnafanyaje? Akanionyesha simu. Ilikuwa imezima, chaji huwekwa dukani.

Basi wewe unayeishi mbali na lami, kabla hujalala leo andika ukutani, hata kwa makaa, namba ya mwenye gari na ya mhudumu wa afya wa kijiji. Tenga nauli ya usiku. Na mkubaliane mapema nani atabaki na watoto.