Kostimi ya Arusi na Picha za Paris

Watu wengi husema kwamba mitindo ya nguo ni mambo ya wanawake. Sivyo. Huko Ufaransa magazeti ya mavazi ya wanaume yako tangu zamani: Monsieur lilianza mwaka 1920, Adam mwaka 1925, na katika miaka ya 1970 likaja Vogue Hommes. Ndani ya magazeti ya namna hii hamna mengi ya kusoma. Kuna wanaume wembamba wasiocheka, wamesimama mbele ya ukuta mweupe au kando ya motokaa, na chini ya picha limeandikwa jina la nyumba iliyoshona. Mara nyingine na bei. Mahali ambapo bei haikuandikwa, mwenye akili ajue kwamba ni kubwa.

Magazeti hayo hayauzwi hapa Mwadingusha, wala hatujapata kuyaona Likasi. Hata hivyo picha zake zimefika, na tena zimefika mpaka mlangoni pa kanisa, kama tutakavyoeleza.

Zilipita njia ndefu. Ng'ambo ya mto, Brazzaville, watu wa mtaa wa Bacongo humhesabu André Matsoua kuwa babu wa wapenda mavazi. Huyu alizaliwa mwaka 1899, akakaa Paris, na mwaka 1926 akaanzisha huko chama cha kusaidiana cha watu wa kwao. Kwetu, wakati wa Wabelgiji, karani aliyetaka kuhesabiwa miongoni mwa wale walioitwa évolués alijua kwamba atatazamwa: anakulaje, nyumba yake ikoje, amevaaje. Kostimi ilikuwa kama cheti.

Kisha mambo yakageuka. Katika miaka ya kwanza ya 1970 Rais Mobutu alikataza kostimi na tai, akaleta abacost, ambayo jina lake lenyewe ni amri: chini kostimi! Ni miaka ile ile ambayo majina ya ubatizo yalikatazwa, na Kardinali Malula akapata taabu kubwa kwa sababu ya kupinga. Wazee wetu walivua tai, wakazikunja, wakazitia sandukuni. Lakini vijana wa Kinshasa hawakukubali. Papa Wemba, aliyeunda bendi yake ya Viva La Musica mwaka 1977, alipanda jukwaani na nguo za mafundi wa Ulaya na wa Japani, na vijana wakamfuata. Ndio hao wanaoitwa sapeurs. Siku ya tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na kostimi ikaruhusiwa tena. Papa Wemba naye alikufa tarehe hiyo hiyo 24 Aprili, mwaka 2016, akiwa jukwaani huko Abidjan. Sisi hatutafuti maana yoyote katika jambo hilo, ila tumelikumbuka.

Wako wanaowacheka sapeurs. Sisi hatuwacheki. Mtu anayeishi katika chumba kimoja, naye ametoka nje amepiga pasi, viatu vinang'aa, rangi mwilini hazizidi tatu, na hataki ugomvi, huyo ana adabu ya namna yake. Tena, mwaka 2009 Mwitalia Daniele Tamagni alitoa kitabu cha picha za watu wa Bacongo, naye Paul Smith, fundi mwenye jina wa Uingereza, akachukua humo mawazo ya nguo zake za mwaka 2010. Kumbe maji yaweza kupanda mlima!

Lakini picha ina kasoro moja. Yaonyesha koti, haionyeshi nani amelilipia.

Hapa kwetu bwawa lilijengwa juu ya mto Lufira, mitambo ya umeme ikaanza kazi mwaka 1930, na nyuma ya bwawa likatanda ziwa la Tshangalele. Wazee hutusimulia kwamba juma zima mfanyakazi alivaa nguo za kazi, na siku ya mapumziko alikwenda Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, kupigwa picha. Koti lilikuwa la mpiga picha, moja tu, limetundikwa kwenye msumari. Ndiyo maana katika nyumba nyingi utaona babu mbalimbali wenye koti lile lile. Hakuna aliyeona haya, maana kila mmoja alijua.

Siku hizi haya zimezidi. Tunazo nyumba ambamo mahari yamekwisha kutolewa, watoto wawili au watatu wamezaliwa, lakini ndoa ya kanisani bado. Tukiuliza sababu, jibu ni kostimi. Mvuvi mmoja wa ziwani alitutolea simu, akatuonyesha picha: kostimi ya buluu, suruali imeishia juu ya kifundo cha mguu. Mzee mmoja aliyekuwapo akauliza kama kitambaa kilipunguka. Bei yake Likasi ni samaki wa miezi mitano. Tena si moja, maana wasimamizi ni sita na lazima wafanane.

Tulimwambia kwamba Kanisa halimdai kostimi. Akatujibu upesi, "Mwalimu, si wewe uliyetufundisha mfano wa arusi? Yule asiye na vazi alitupwa nje." Tulicheka, maana alijibu vizuri. Tukamwambia kwamba vazi lile haliuzwi Likasi.

Hakucheka. Baba mkwe wake, mfanyakazi wa zamani, amelala na kifua tangu mvua za kwanza, naye ameomba jambo moja tu: kumwona binti yake mbele ya altare. Mzee alituma sanduku lake lifunguliwe. Akatoa abacost yake ya kijivu, ile aliyoolea. "Mwanangu," akasema, "hii ilinitosha mimi." Kijana akainama. Avae nguo ya Mobutu mbele ya marafiki zake? Hapo mwanamke, mwenye mimba ya tatu, akasema toka jikoni, "Baba watoto, mimi sikuposwa na kostimi." Wote wakanyamaza.

Tulikwenda naye kwa fundi cherehani. Fundi aliigeuza nguo nje ndani, akavuta mshono, akasema kitambaa cha namna hii hakipatikani tena. Kola angeweza kuifungua na kuikata upya, mabega angepunguza, kazi ya siku nne. Bei aliyotaja ilikuwa samaki wa juma moja. Kijana alisimama muda mrefu mbele ya kioo, nguo imejaa chaki, kisha akauliza tai ya rangi gani ingefaa pamoja na kijivu. Juu ya wasimamizi sita hakusema neno, wala sisi hatukumwuliza.

Jumapili iliyopita tulisoma tangazo la kwanza la ndoa yao. Mzee aliletwa kwa baiskeli, akaketi benchi ya mbele, akasikia majina yote mawili.